Mkono Uliogusa Breki Huteremka Kwanza

Wadogo zangu wa bandani, tangu niache kazi nimekuwa nikilala mchana, jambo ambalo zamani nilidhani ni la paka na wenye nyumba za kupangisha. Nikilala, naota magurudumu. Wala si ndoto ya kutisha. Gurudumu limening'inia tu hewani, linazunguka bila mtu, spoki zimekuwa ukungu, nami nalitazama nikingoja ringi iguse raba mahali fulani. Haijawahi kugusa. Naamka nimepumzika, mke wangu ananiuliza nilikuwa nikimchekea nani usingizini, namwambia ringi ilikuwa imenyooka.

Mmeniomba niwaandikie ninayoyajua kabla sijayasahau. Mliomba kwa adabu, lakini nilielewa: huyu mzee magoti yamekwisha, kichwa nacho kiko njiani. Mmeuliza pia, zaidi ya mara moja, ile spana ya Nalongo yenye shingo iliyopinda ilikwenda wapi, kwani mmepekua sanduku zima hamkuiona. Nitafika huko. Habari za vyeo msizitafute humu. Banda letu lilikuwa na cheo kimoja tu, cha kuketi upande wenye kivuli. Nitaandika juu ya breki za baiskeli kuukuu, maana ndizo zilizonilea, na juu ya mama mmoja aliyeapa kwamba hatapanda tena.

Nilifika Katwe nikiwa kijana kutoka Busia, upande wa Kenya. Kwetu mpakani nilikuwa nikibeba watu kwa baiskeli kuwavusha, na nikajiona najua kila kitu kuhusu chombo hicho kwa sababu nilikuwa nimeanguka nacho kwa kila namna. Banda lilikuwa la Nalongo. Waganda humwita hivyo mama aliyezaa mapacha, na jina lake la kuzaliwa sikulijua mpaka nilipokuwa nimeshazoea kula kwake. Mumewe alikuwa fundi. Alipofariki, ndugu walikuja kuchukua vifaa, wakamkuta Nalongo ameketi juu ya sanduku la spana, gomesi yake, lile gauni pana la Kiganda, imelifunika lote. Wakatafuta, wakakosa, wakanywa chai, wakaondoka. Hivyo ndivyo alivyopata kuwa fundi, na sijasikia njia nyingine iliyo bora.

Siku ya kwanza hakunipa spana. Aliipindua baiskeli ya mteja magurudumu juu, akalisukuma la mbele kwa kidole.

"Kaa hapa. Angalia guludumu."

"Niangalie nini, mama?"

"Guludumu. Hapana mimi."

Nikaketi. Jirani zetu walikuwa wakifua mabati kutengeneza sigiri, yale majiko ya makaa, nyundo baada ya nyundo, na moshi wa makaa ulikuwa umelala chini kama unavyolala Katwe mvua ikikaribia. Gurudumu likipungua mwendo, Nalongo alilisukuma tena. Jua likahama, macho yakawa mazito, na hapo katikati ya kulala na kuamka nikaiona: ringi ilikuwa ikienda kushoto kidogo, kila mzunguko, mahali palepale, kwa aibu, kama mtu anayechechemea asitake kuulizwa.

"Inayumba," nikasema.

"Kale," akasema, yaani haya kwa Kiganda. "Sasa umeanza kazi. Buleki hapana anza kwa buleki. Inaanza kwa lingi."

Hilo la kwanza, na mkisahau mengine yote, shikeni hilo. Mteja atakuja akisema breki zinagusa, au breki hazishiki, na mkono wako utakimbilia nati ya breki. Uzuie mkono. Zungusha gurudumu kwanza. Ringi ikiyumba, utakaza raba upande huu itagusa upande ule, utalegeza pale itaachia hapa, na jioni itakukuta mahali pamoja umemlaumu aliyetengeneza baiskeli, mteja, na hali ya nchi. Kaza spoki za upande ulio mbali, legeza za upande ulio karibu, robo mzunguko, kisha zungusha utazame. Haraka haina baraka, na kwenye spoki haina hata ringi.

Wakati ule baiskeli nyingi zilikuwa zile nyeusi nzito zenye breki za fito. Hazina waya. Ukibana mkono wa breki, fito za chuma zinavuta upinde ulio juu ya gurudumu, na raba zinainuka kuushika ukingo wa ringi kutoka ndani, chini ya tairi. Ni breki za kizee: zinapiga kelele njiani, lakini ukizitunza zitamzika aliyezinunua. Nalongo alinifundisha kuzichokoa raba kwa msumari, kwa sababu changarawe na vichembe vya chuma hujificha humo na kuila ringi kimyakimya. Alinifundisha kuzisugua raba kwa msasa zikianza kung'aa, maana raba inayong'aa ni ya kutazamwa tu. Alinionyesha kwamba raba ikikaa juu sana itaikata tairi, na ikikaa chini itateleza iingie kwenye spoki, na hapo utapaa bila mabawa. Nafasi kati ya raba na ringi alinipimia kwa punje ya mtama: punje ya mtama ipite, ya mahindi ikwame.

Ile spana shingo yake aliipinda mwenyewe, kwa moto wa jirani zetu wa sigiri, ili ifikie nati iliyojificha chini ya upinde wa breki ya nyuma. Duka lolote lenye akili lingekataa kuiuza. Mkononi ilikaa kama kidole cha sita.

Kisha kulikuwa na sheria ya banda, ambayo ninyi mmeikuta na mnaifuata mkinung'unika: mkono uliogusa breki huteremka kwanza. Baiskeli haimrudii mwenyewe mpaka fundi aliyeishika breki yake ameipandisha mteremko wa Makindye na kushuka nayo hadi Kibuye. Tena aishuke na mzigo wake wa kila siku. Kama hubeba matoke, unashuka na matoke. Kama hubeba mtu, unashuka na mtu. Breki iliyojaribiwa bila mzigo, alisema Nalongo, ni mwavuli uliojaribiwa kiangazi. Na wakigusa breki watu wawili, wanateremka wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, ili asiwepo wa kusema kosa ni la mwenzake.

Mteremko wangu wa kwanza ulikuwa hivyo. Baiskeli ilikuwa ya mtu abebaye abiria, breki nimezifunga mimi, lakini nati ya mwisho alikuwa ameikaza Nalongo. Basi tulipofika juu akaketi nyuma, kiupande, gomesi ameikusanya mapajani, mkoba juu yake, kama mtu anayekwenda harusini. Nilishuka nimebana breki njia nzima. Mikono ilikufa ganzi. Watembea kwa miguu walitupita, mmoja akatusalimu akiwa mbele yetu. Chini, Nalongo alishuka, akajikung'uta.

"Buleki mzuri," akasema. "Wewe ndio mbaya. Mutu hapana panda baiskeri kusimama. Anataka kwenda. Buleki ni ya kumuluhusu kwenda."

Nilicheka kwa sababu ya mikono kuuma. Nilikuja kulielewa neno hilo baadaye sana, kwenye mteremko uleule.

Miaka ikapita jinsi gurudumu linavyopita, ukilitazama haliendi na ukigeuka limekwenda. Nalongo alizeeka, akarudi kwao upande wa Masaka kulea wajukuu, akaniachia banda, sanduku na spana. Pikipiki zikaja, zikajaa, waliokuwa wakibeba abiria kwa miguu wakaanza kubeba kwa petroli. Wenye baiskeli wakabaki wale wasiokuwa na haraka au wasiokuwa na namna: wauza maziwa, wanoa visu, wazee wa kanisa. Ninyi mkaja mkiwa mnajua zaidi pikipiki, nami nikawa mtu wa breki peke yake, nikiletewa zile kuukuu jinsi watoto wanavyompelekea bibi kuku asiyetaka kula.

Hapo ndipo alipokuja Papa Neema.

Mlimwona, mrefu, mwembamba, Mkongo kutoka upande wa Bukavu, anayeshona viatu kule sokoni Nakivubo. Alikuja anaikokota baiskeli nyeusi ya fito, safi kuliko baiskeli yoyote niliyowahi kushika. Nikaitazama nikaona haya kwa ajili ya zetu.

"Fundi, hii kinga ilinikana mbele ya bibi yangu," akasema. Kinga ndivyo wanavyoiita baiskeli kwao, na bibi ni mke. "Minabana breki, inakuja yote mpaka mkononi. Hakuna kitu."

Akanieleza. Walipotoka kwao, walitoka na watoto, godoro na hiyo baiskeli. Mkewe, Mama Neema, aliumia nyonga safarini, na sehemu kubwa ya njia alimsukuma akiwa juu yake. Walipofika Kampala wakapata chumba Makindye, juu kabisa, kwa kuwa juu ndiko kulikokuwa na nafasi. Mama Neema akapata meza ya vitenge Nakivubo, karibu na mumewe anaposhonea. Kutembea umbali ule hawezi. Pikipiki alijaribu, kila shimo likamtoa machozi. Basi kila asubuhi Papa Neema alimshusha kwa baiskeli, taratibu, na jioni akampandisha kwa kusukuma. Mpaka Jumatatu moja, kwenye mteremko, breki zilipokataa. Aliigeuza baiskeli ikaingia kwenye magunia ya makaa ya mama mmoja wa kando ya njia. Hawakuvunjika kitu. Lakini Mama Neema aliinuka mweusi kwa makaa, akashika ukuta, akarudi nyumbani ukuta hadi ukuta, na tangu hapo hakutoka.

"Anasema barabara ilishakula nyonga moja, ya pili hataipatia," Papa Neema akasema. "Na meza yake, fundi, wanaizunguka. Meza ya Nakivubo haingojeaki mutu. Ukiniambia hii kinga haiponi, nitawapa hawa wa sigiri waikate. Nisiione."

Alisema hayo akiwa ameshika kiti cha baiskeli kwa mkono mzima, kama mtu aliyeshika bega la mtoto. Nikamwambia itapona. Sijui kwa nini nilisema kabla ya kulizungusha gurudumu, lakini nilisema.

Ringi ilikuwa imenyooka. Fito zilikuwa sawa, viungo laini. Raba zilikuwa zinang'aa, nikazisugua kwa msasa, nikazikaza, nikapanda Makindye na gunia la mchanga, nikashuka. Zilishika vizuri mno. Papa Neema akaichukua, akaenda nayo peke yake kazini hadi mwisho wa wiki bila neno. Jumatatu akarudi, suruali imechanika gotini.

Nikasugua tena. Nikabadilisha fito moja ambayo haikuwa na kosa lolote, kwa hasira tu. Ikashika. Jumatatu iliyofuata, akarudi.

Ninyi mlinicheka, mnakumbuka, mkasema baiskeli ina ugonjwa wa Jumatatu kama nyinyi. Lakini utani wenu ulinikaa kichwani. Nilizitoa raba, nikaziweka kwenye kiganja, nikazinusa. Zilinuka maharage. Nikafikiri ni njaa. Nikanusa tena. Maharage yaliyopikwa vizuri, ya nyumba yenye mpishi. Usiku ule nililala vibaya, nikiota gurudumu linalozunguka juu ya sufuria. Jumapili baada ya ibada nikabeba mfuko wangu wa vifaa na raba mpya, nikapanda Makindye polepole, nikipumzisha magoti kwenye kila kivuli.

Ilikuwa imenyesha asubuhi. Ua lao lilikuwa dogo, lenye mgomba mmoja na kamba ya nguo. Baiskeli ilikuwa imepinduliwa magurudumu juu kwenye kivuli cha mgomba, na mbele yake, kwenye kigoda, mguu mmoja umenyooshwa, alikuwa ameketi mama mnene wa uso mzuri, anaimba wimbo wa kanisa bila kuufungua mdomo. Kando yake kulikuwa na kibakuli. Alichovya kitambaa, akakikamua, akakipitisha kwenye ringi, ndani na nje, huku akilizungusha gurudumu kwa kidole, taratibu, jinsi Nalongo alivyolizungusha siku yangu ya kwanza. Spoki ziligeuka ukungu. Jua lilipenya kwenye majani ya mgomba, likaigusa ringi, nayo ikang'aa rangi ya chungwa. Nilisimama mlangoni nikatazama, nikasahau nilichokuja kufanya.

"Karibu, fundi," Mama Neema akasema. "Kinga iko inaoga."

Kwenye kibakuli kulikuwa na mawese, yale mafuta mekundu ya mchikichi ambayo Wakongo huyapikia maharage. Ndiyo hayohayo aliyojikandia nyonga.

"Kwetu, chuma bila mawese kinakufa," akanieleza, akiona nimetazama. "Baba yangu alikuwa anapakaza jembe, panga, mpaka bawaba ya mlango. Hii kinga ilitutoa kule. Hata kama sitaipanda tena, siwezi kuiacha ikamatwe na kutu. Tangu mvua zianze, kila Jumapili minaipakaza."

Moyo uliniuma, nawaambia wazi. Kwa miaka yote nimewaambia watu makosa yao: umepakia kupita kiasi, umeiacha mvuani, umempa shemeji. Hayo hayasumbui. Lakini huyu mama alikuwa ameing'arisha ile ringi kwa shukrani, wiki baada ya wiki, na shukrani hiyo ndiyo iliyomtupa kwenye makaa. Kuanzia katikati ya wiki raba zilikuwa zimeyafuta mafuta, breki zikashika. Jumapili anapaka. Jumatatu baiskeli inateleza.

Nalongo alikuwa na neno la mambo kama haya. Mtu akiharibu kwa mapenzi, alisema, usimwambie kosa, mpe kazi. Basi nikachutama kando ya kigoda.

"Mama, mawese yako yamezitunza fito vizuri sana, kwenye viungo sijaona kutu hata kidogo. Endelea hapo, na kwenye fremu. Ringi peke yake niachie. Ringi haitaki mafuta. Inataka ukavu, kwa sababu ndiyo inayoshikwa na raba."

Nilidhani nimeipitisha kwa ujanja. Kidole chake kilisimama. Gurudumu likazunguka mara nyingine peke yake, likapungua, likatulia. Akakitazama kitambaa. Papa Neema, aliyekuwa akitoka ndani na kiti changu, akasimama nacho mikononi.

"Basi ni mimi," Mama Neema akasema.

Kuku akapita katikati yetu.

"Ni mimi niliyekuwa namwangusha bwana yangu. Na suruali yake nikaishona mimi, nikimwambia hajui kuendesha."

"Ingekuwa kazi yangu," Papa Neema akasema, "ningelipakaza mingi zaidi. Unanijua."

Mama Neema alilia kidogo, akajifuta kwa mkono, mkono ukamwachia alama ya mawese shavuni, na mumewe alipoiona akacheka, naye akacheka bila kujua anacheka nini. Kisha akakunja mikono ya blauzi.

"Nionyeshe, fundi."

Nikamwonyesha. Papa Neema alileta maji ya moto, sabuni na jivu la jikoni. Jivu linakula mafuta kuliko dawa nyingi za dukani, liwekeni akilini. Mama Neema aliisugua ringi ndani na nje, akaisuuza, akaikausha kwa kitambaa kipya, akarudia, mpaka alipopitisha kidole kikalia. Raba za zamani tulizitupa, kwani raba iliyokunywa mafuta haiachi, ni sawa na mlevi wa kweli. Mpya nilizishika mahali pake, nikampa spana ya Nalongo. Shingo yake iliyopinda iliingia chini ya upinde, na vidole vyake, vilivyozoea kunyoosha vitambaa, vikaikaza nati bila papara. Nilipomwambia habari ya punje ya mtama, alitazama huku na huku, hakukuwa na mtama. Akachukua pindo la kitenge chake, akalikunja mara mbili, akalipitisha kati ya raba na ringi. Likapita kwa kusita kidogo. Nikapima kwa jicho, nikaona ni sawasawa. Tangu sasa pimeni hivyo. Mtama ni shida kuupata mjini.

Ikabaki sheria. Nikamwomba Papa Neema gunia la vitenge nilifunge nyuma, nishuke nalo. Magoti yalikuwa yakinung'unika, lakini breki ilikuwa imeguswa.

"Kwa nini ni weye unashuka?" Mama Neema akauliza. "Kinga ni yetu."

Nikamweleza. Mkono uliogusa breki huteremka kwanza, na mzigo wake wa kila siku.

Alikuwa bado ameshika spana.

"Na wakigusa wawili?"

"Wanateremka wawili," nikajibu, na Mungu ni shahidi, nilijibu kama mtu anayejibu swali la kawaida. Sikuona alikokuwa anakwenda mpaka alipomnyooshea mumewe mkono amwinue.

"Ringi nimesafisha mimi. Nati nimekaza mimi. Toa hilo gunia."

Papa Neema akalirudisha gunia ndani. Alimwongoza mkewe hadi barabarani, akamketisha nyuma, kiupande, akamfunikia magoti kwa kitenge. Mimi nilipanda mbele. Nikasikia vidole vyake Mama Neema vikikamata mkanda wangu nyuma, vikaubana mpaka nikahisi kwenye mbavu.

Kampala ilikuwa chini yetu, imeoshwa. Katwe haikuwa na moshi kwa kuwa ilikuwa Jumapili, mabati yake yalikuwa yakimetameta, na kelele za mji zilitufikia laini, kama zinatoka chumba cha pili. Nikaachia miguu. Nikabana breki, zikashika, bila kelele, bila kuruka, raba kavu kwenye ringi kavu. Tulishuka kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Tulipokaribia magunia ya makaa, pumzi ya Mama Neema ilikatika, nikaihisi imekatika. Nikabana zaidi. Magunia yakaja, yakawa kando yetu, yakapita. Mama wa makaa aliinua kichwa, akatutambua, akaweka mkono mdomoni.

Ndipo vidole vikalegea kwenye mkanda.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Achilia kidogo."

Katika maisha yangu yote ya breki, watu walikuwa wamenilipa na kunilaumu ili vitu visimame. Huyu alikuwa wa kwanza kuniomba niachie. Nikaachilia. Fito zikagonga mara moja zikatulia, upepo ukaingia kwenye shati, kitenge kikapiga makofi nyuma yetu, na Mama Neema akacheka kicheko kirefu, cha msichana, kilichoteremka pamoja nasi mteremko mzima. Nilijikuta nalia, na sikuwa na mkono wa kujifuta.

Chini, Kibuye, nikabana. Baiskeli ikasimama kwa upole kabisa. Nilishusha mguu mmoja, nikajua kwa namna goti lilivyoipokea ardhi kwamba huu ulikuwa mteremko wangu wa mwisho. Sikuhuzunika. Papa Neema akafika mbio, viatu mkononi, hana pumzi. Mkewe hakushuka.

"Shika usukani," akamwambia. "Huyu muzee magoti yake yamechoka. Unipandishe, nikakunje vitenge. Kesho tunafungua meza."

Papa Neema akashika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine, akainama, akaanza kumsukuma kupanda kilima, jinsi alivyomsukuma siku zile wakija. Niliwatazama wakipungua, yeye ameketi kiupande, mgongo umenyooka, jua la jioni liko kwenye ringi. Walipokuwa nusu ya njia nikaona kitu kikimetameta mapajani mwake. Ilikuwa ile spana. Nilifungua mdomo nimwite, kisha nikaufunga.

Basi msiitafute tena kwenye sanduku. Mkiihitaji, nendeni Nakivubo Jumatatu asubuhi, mwulizeni Mama Neema wa vitenge. Iko chini ya meza yake, imepakwa mawese, haina kutu hata kidogo.